Mapambo ya Ndani ya Hoteli Katika Nchi ya Joto: Mfano wa Lodwar na Kakuma

Katika matumizi ya Kiswahili nchini Kenya, neno hoteli hubeba maana mbili: jengo lenye vyumba vya kulala wageni, na kibanda kiuzacho chai na maharagwe. Makala haya yanazikumbatia zote mbili, kwa kuwa swali letu ni moja: ni sura gani ya ndani inayomfaa mteja wa Lodwar au Kakuma, ambako joto la mchana aghalabu huzidi nyuzi 35?

Hoteli nyingi kubwa za Lodwar ni changa. Kugunduliwa kwa mafuta katika kisima cha Ngamia 1 mnamo Machi 2012, na kuanzishwa kwa serikali ya kaunti mwaka 2013, kulileta wahandisi, maafisa na wahudhuriaji wa semina. Wenye mitaji walijenga kwa haraka wakiiga mitindo ya Nairobi: madirisha mapana ya vioo, dari za jasi zilizoshushwa, mapazia mazito, makochi ya ngozi bandia. Yamkini walisahau kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Lodwar iko karibu mita 500. Kioo kinacholikaribisha jua kule humchoma mlaji huku, na ngozi bandia humganda mgongoni. Hapo kiyoyozi huwa lazima. Ikumbukwe kuwa umeme wa bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991, ulielekezwa Lessos, na kwa miaka mingi Lodwar ikategemea mitambo ya dizeli. Mapambo yasiyopoa yenyewe ni mapambo ya gharama.

Kakuma inafunza jambo jingine. Waandishi wa kigeni hupenda kudai kwamba jina hilo ni Kiswahili na maana yake ni "mahali pasipokuwapo". Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili ajua kuwa hatuna neno kama hilo. Na mahali papo. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 na kuhesabiwa kuwa ya muda, hivyo kuta nyingi ni za matofali ya udongo na paa ni za mabati. Hata hivyo, wenye mikahawa ya Kihabeshi hawakungoja ruhusa ya kudumu ndipo wapambe. Chini ya bati hutandazwa vitambaa. Kati ya bati na kitambaa hubaki hewa, kitambaa huzuia mnururisho wa joto la bati, na vumbi hunaswa. Kahawa inapoandaliwa kwa desturi kamili, nyasi mbichi hutandikwa sakafuni, ubani hufukizwa, na wageni huketi juu ya vigoda. Uketi huo wa chini una mantiki: hewa ya moto hupanda, ikakusanyika juu ya vichwa. Injera huliwa kwenye mesob, kikapu kirefu chenye mfuniko ambacho ni chombo, meza na pambo kwa pamoja.

Kanuni hiyo ya hewa ndiyo aliyoitumia Diébédo Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa Burkina Faso, katika chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kilichokamilika mwaka 2021. Minara yake inafanana na vichuguu vya eneo hilo: hewa baridi huingia chini, ya moto hutokea juu. Chuo si hoteli, lakini ukumbi wa kulia chakula waweza kufuata njia iyo hiyo kwa kutoboa matundu chini na juu ya kuta.

Waturkana wenyewe hawajakosa vifaa. Akai, nyumba ya mwanamke, huezekwa kwa majani ya mkoma yanayopitisha upepo. Ekicholong ni kigoda na mto wa kichwa. Cha kusikitisha ni kwamba katika hoteli kadhaa vitu hivi hutundikwa ukutani kama vya makumbusho, huku mgeni akitokwa jasho kwenye kochi. Kikapu kikifanywa kivuli cha taa, na mkeka ukifanywa pazia, msusi hupata soko la kudumu kuliko lile la mtalii wa siku moja.

Soko hilo nalo lina mpaka wake. Wasusi hutaka majani machanga ya mkoma, yale ambayo bado hayajakunjuka, na mti unaokatwa hayo mfululizo hudumaa. Mwenye hoteli anayeagiza mikeka mia moja kwa mara moja yampasa aulize imekatwa wapi.