Je, Miwani ya Kompyuta Inaweza Kumhijisha Mtu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad:

SWALI: Tulipokuwa Gungu, Kigoma, kijana mmoja alitujia baada ya swala ya Isha. Baba yake ni mtu mzima sana, miguu haimchukui tena, na hajawahi kuhiji. Alimvalisha miwani ya kompyuta, mzee akaiona Al-Kaaba mbele yake, akaleta talbiya huku akilia. Je, inamtosha? Na teknolojia ikifika kuiga kila kitu, hukumu itabadilika?

JIBU: Haimtoshi, wala hukumu haitabadilika.

Disemba 2021 Saudi Arabia ilizindua mpango wa kulionesha Jiwe Jeusi kwa miwani kama hiyo, na lengo ni kuiga hisia nyingi kadiri inavyowezekana. Watu wakauliza kama hija imeletwa nyumbani. Februari 2022 Diyanet, idara ya dini ya Uturuki, ikabainisha kuwa ziara ya namna hiyo haihesabiwi kuwa hija.

Kompyuta inaweza kulichora Ziwa Tanganyika lote, na kina chake cha mita zipatazo 1,470. Lakini humo hutapata tone la kutilia udhu wala dagaa wa kupika. Picha ikizidi ubora, inabaki picha.

Tuseme basi siku moja akili isiweze kutofautisha kabisa. Mwili bado uko Gungu. Hija imefungwa na mahali na wakati: kusimama Arafa tarehe 9 Dhulhija, na kuizunguka Nyumba yenyewe. Anayeota kuwa ameswali Alfajiri, akiamka bado inamdai.

Miwani inafaa kwa kujifunza ibada za hija, na shauku ya mzee Mwenyezi Mungu anaijua. Tunalochelea ni mzee kuridhika na picha akaikosa njia aliyowekewa. Mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu baba yake mkongwe asiyeweza kukaa juu ya mnyama, naye akamruhusu amhijie. Basi mwenye mali asiyetarajiwa kupata nguvu tena, atafute wa kumhijia, aliyekwisha kujihijia mwenyewe. Asiyekuwa na mali wala wa kumsaidia, hana dhambi.

Kijana akasema, "Sheikh, hata mimi sijahiji." Tukamwambia: anza kuweka akiba, mwanetu. Kwanza yako, kisha ya baba yako.

Wallahu a'lam.