Lamu Mbili, Kichwa Kimoja cha Habari

Septemba 2013, magaidi walipovamia jumba la maduka la Westgate na kuua watu 67, magazeti ya Kenya yalilitaja jengo lenyewe. Januari 2019, hoteli ya Dusit iliposhambuliwa, yakaandika Dusit. Msomaji wa Kisumu au Voi alijua papo hapo ni sehemu gani ya Nairobi iliyopigwa, na mwenye duka wa Buruburu hakulazimika kumhakikishia mteja kwamba mtaa wake uko salama.

Lamu imeupata upole huo kwa nadra. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na jina la Mpeketoni likavuma. Lakini katika miaka iliyofuata, basi likishambuliwa Nyongoro, kichwa cha habari mara nyingi kilisema Lamu. Gari la askari likikanyaga bomu ndani ya msitu wa Boni, Lamu tena. Waamu wa mji mkongwe, wanaoishi kisiwani na kutenganishwa na bara kwa mlango wa bahari, wakajikuta wakipokea simu za pole kwa mambo yaliyotokea mwendo wa saa kadhaa kutoka kwao.

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya kilomita za mraba 6,000, kuanzia mpaka wa Tana River hadi wa Somalia. Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 143,920, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Eneo lote hilo limebeba jina la mji mmoja, ule ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Mfano mchungu zaidi ni wa Januari 5, 2020. Al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay na kuwaua Wamarekani watatu. Kambi hiyo iko bara. Uwanja wanakotua abiria wanaokwenda Lamu uko kisiwani Manda, ng'ambo tu ya mji. Mtu aliyesikia redioni maneno “Manda” na “uwanja wa ndege” katika sentensi moja angetofautishaje, kama mtangazaji mwenyewe hakumwambia?

Serikali ya Uingereza, ambayo ilani zake za usafiri zimewatia hasara wenye hoteli wa pwani mara nyingi, hatimaye ilijifunza kutofautisha: iliendelea kuwaonya raia wake kuhusu Kaunti ya Lamu, huku ikivitoa visiwa vya Lamu na Manda katika onyo hilo. Inauma kwamba London ilichora mpaka ambao vichwa vingi vya habari vya nyumbani havikuuchora.

Hapana anayedai kwamba visiwa havijawahi kuguswa. Oktoba 2011 mwanamke Mfaransa alitekwa nyara Manda na kufia mikononi mwa watekaji. Wala mwandishi aliye mashinani si wa kulaumiwa peke yake. Taarifa ya kwanza kwa kawaida hutoka kwa polisi, msitu wa Boni haufikiki bila ruhusa ya vikosi, na kichwa cha habari huwekwa na mhariri aliye mbali, anayetafuta neno fupi. Lamu ina herufi nne.

Neno hilo fupi lina gharama. Nahodha wa jahazi la watalii hukosa safari, mwenye nyumba ya wageni Shela hufutiwa nafasi zilizokwisha kulipiwa, na fundi wa kuchonga milango hukaa na kazi isiyo na mnunuzi.

Habari zisipokuwa za hofu, mji huu hupewa zile za punda na Maulidi. Ni vitu vya kweli na vya fahari, lakini Waamu wana mengine. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Habari hizo ziliandikwa. Zilistahili kufuatiliwa kwa bidii ileile inayofuatilia milio ya risasi, maana hapo wenyeji walikuwa watendaji.

Anayeumizwa zaidi na jina hili pana la Lamu pengine si hata mtu wa kisiwani. Katika wadi ya Basuba, wanakoishi Waboni, shule zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama. Mwandishi akitaja Basuba, Mangai au Pandanguo tangu sentensi ya kwanza, mhariri atalazimika kuuliza ni nani wanaoishi huko na watoto wao wanasomea wapi. Akiandika Lamu, swali hilo halimjii.