Ukali si Ukatili: Mlinzi na Jina Lake Uwanjani

Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Methali hii hufunzwa darasani mwaka nenda mwaka rudi, na wanafunzi huifafanua kwa mfano wa mwana mpotevu au wa mfanyabiashara aliyefilisika. Walimu wa michezo wa kaunti za Meru na Embu wanaijua kwa maana yake ya wazi zaidi. Kijana huondoka nyumbani na njumu zake begani wakati wa mashindano ya shule, akarejea na mguu uliofungwa plasta. Muhula humpita akiwa kitandani. Aliyemvunja, kwa upande wake, hurejea shuleni na jina jipya.

Ni jina hilo ninalotaka tulizungumzie leo, maadamu jina ni jambo la lugha kabla ya kuwa jambo la michezo.

Hebu tuanze na neno "rafu". Tumelitohoa kutoka Kiingereza na kulitwika mzigo mzito mno. Mlinzi aliyechelewa kidogo akamgusa mwenzake kisigino amecheza rafu. Aliyejitupa pasipo kujali litakalotokea amecheza rafu. Na aliyeinua njumu hadi kwenye goti la mwenzake, vilevile, amecheza rafu. Sheria yenyewe haichanganyi mambo hivyo. Sheria ya 12 ya kandanda hutenga daraja tatu. Kuna uzembe, ambao huadhibiwa kwa mkwaju tu. Kuna kutojali hatari inayomkabili mpinzani, ambako hustahili kadi ya manjano. Na kuna kutumia nguvu kupita kiasi, ambako hustahili kadi nyekundu. Zingatia kwamba katika daraja zote hizo mwamuzi haulizwi mchezaji alinuia nini moyoni. Hata kuugusa mpira kwanza hakumwokoi aliyehatarisha usalama wa mwenzake.

Sheria hiyo haikufika hapo kwa siku moja. Kadi zilitumiwa kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia mwaka 1970 huko Mexico, kutokana na wazo la mwamuzi Mwingereza, Ken Aston. Mnamo 1998, mwaka wa Kombe la Dunia nchini Ufaransa, ikasisitizwa kwamba anayemkabili mwenzake kutoka nyuma kwa namna ya kumhatarisha atolewe uwanjani. Marco van Basten wa Uholanzi alikuwa amekwisha kustaafu mwaka 1995. Vifundo vyake vya mguu vilikuwa vimeharibika, na mechi yake ya mwisho aliicheza mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 28.

Sasa turudi kwenye jina. Kandanda ya Kenya ina utamaduni mkongwe wa lakabu. Kikosi cha Gor Mahia kilichotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 kilikuwa na Peter Dawo, aliyeitwa "Omuga", yaani kifaru kwa Kijaluo. Klabu hiyo pia ilikuwa na beki Bobby Ogolla, ambaye mashabiki walimpa jina la shujaa wa kipindi cha televisheni, mtu wa dola milioni sita. Lakabu hizo zilisifu nguvu, na hapana ubaya katika kuisifu nguvu. Hatari huzuka pale mashabiki wa shule wanapomwita kijana wa miaka kumi na saba "Panga" au "Kichinjio".

Jina la namna hiyo hufanya kazi tatu kwa mpigo. Humtia hofu mshambuliaji, akaogopa mpira kabla haujamfikia. Humtia mwamuzi shaka, akapuliza kipenga kwa kosa ambalo halijatendwa. Kubwa zaidi, humfunga mwenyewe. Umati ukishaanza kuliimba jina, mwenye jina hana budi kulilipia, na malipo hutolewa kwa mguu wa mtu mwingine.

Jina la aina hiyo pia halifutiki upesi. Mnamo Septemba 1983, Andoni Goikoetxea wa Athletic Bilbao alimvunja Diego Maradona kifundo cha mguu. Goikoetxea alikuwa beki wa timu ya taifa ya Uhispania, tena bingwa wa ligi mwaka 1983 na 1984. Ni wangapi wanaoyakumbuka hayo? Ulimwengu unamjua kama Mchinjaji wa Bilbao, basi.

Linganisha na Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars. Naye alijulikana kwa kukaba kwa nguvu, na mnamo Februari 2016, akiichezea Southampton, alitolewa kwa kadi nyekundu baada ya kumkabili Dimitri Payet wa West Ham. Hata hivyo, Wakenya wengi wakitajiwa jina lake hukumbuka tarehe 7 Novemba 2012, alipoifungia Celtic dhidi ya Barcelona na kuwa Mkenya wa kwanza kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa barani Ulaya. Kadi haikulimeza jina lake kwa sababu alikuwa na mengine mengi ya kukumbukwa. Kijana wa shule ambaye sifa yake pekee ni kuangusha watu hana akiba ya namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kandanda si mchezo wa bao, na kwamba beki mpole ni mlango wazi. Ni kweli. Ila lugha yetu imetupa maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti na kutengana kwa maana: ukali na ukatili. Beki mkali huusoma mpira, hufika mapema na huondoka nao. Beki katili huusubiri mguu. Msemo maarufu wa viwanjani, kwamba mpira ukipita mtu asipite, huufundisha ukatili kwa jina la ukali. Anayeufuata hukiri kwamba ameshindwa na mpira, na kilichobaki ni kumlipiza aliyemshinda.

Isitoshe, tutazame ardhi tunayochezea. Viwanja vingi vya shule kwenye miteremko ya Mlima Kenya havina nyasi za Kinoru. Wakati wa kiangazi udongo huwa mgumu kama sakafu. Wakati wa masika huwa tope la kuteleza. Anayejitupa chini kwa miguu miwili hapo hawezi kujizuia, hata akitaka.

Walimu wenzangu wana uwezo wa kubadilisha hali hii. Wafunze vijana kukaba wakiwa wamesimama. Kosa likitendwa, wamweleze kijana kosa lenyewe na daraja lake, badala ya kumwambia kwamba yeye ni mkorofi. Nao wanafunzi walioko kando ya uwanja wakumbuke kwamba kinywa chao ndicho kinachotoa majina. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutangazia kandanda kwa Kiswahili kwa miongo mingi, alikuwa pia na kipindi cha redio kilichouliza: Je, huu ni uungwana? Swali hilo liulizwe kila mara beki anaposhangiliwa huku mwenzake akibebwa kutoka uwanjani. Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na hakuna linalomhimiza kijana kurudia kosa kuliko jina analoshangiliwa kwalo.