Kulea Kabla ya Darasa la Kwanza: Mfano wa Pwani ya Kenya

Askari aliyepangiwa lindo la usiku hutoka nyumbani watoto wake wakiwa usingizini. Aliyepelekwa mpakani huweza kukaa miezi kadha bila ya kuwaona. Katika muda huo mama naye huwa na safari za sokoni, shambani na kisimani. Basi mtoto wa miaka 3 au 4, ambaye umri wake haujamfikisha shuleni na ambaye hawezi tena kubebwa mgongoni kutwa, huachwa mikononi mwa nani? Mara nyingi huachwa kwa dada yake wa miaka 9, ambaye kwa sababu hiyo hukosa masomo yake mwenyewe. Pengine hana ye yote wa kumtazama, akawa mtoto wa njia, wa kisima kisichofunikwa na wa jiko la mkaa.

Swali hilo si la akina mama peke yao. Ni la kila baba ambaye kazi yake humweka mbali na nyumba yake. Jirani zetu wa Kenya, hasa wale wa Pwani, wamelishughulikia kwa miaka mingi, na yafaa kulitazama jibu lao, mafanikio yake pamoja na matatizo yake.

Malezi ya watoto wadogo nje ya nyumba yana historia ndefu nchini Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, vituo vya watoto wa Kiafrika vilianzishwa katika mashamba makubwa ya walowezi na katika vijiji ambamo watu walikusanywa kwa amri ya serikali ya kikoloni. Shabaha haikuwa kuwaelimisha watoto, bali kupata mahali pa kuwaweka wakati mama zao wakifanya kazi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 hali iligeuka. Wananchi wenyewe, kwa moyo wa harambee, walianza kujenga shule za nasari, yaani chekechea, bila ya kungoja serikali. Serikali ilikuja nyuma yao kuwasaidia katika mafunzo ya walimu, na mwaka 1984 iliunda kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya.

Pwani ilikuwa na jambo lake la pekee. Huko, kwa karne nyingi, mtoto wa Kiislamu huanza masomo yake chuoni, ambako hufundishwa Kurani. Wazazi wengi waliona kwamba wakimpeleka mtoto katika nasari za mjini atakosa chuo, na wakimpeleka chuoni peke yake atafika darasa la kwanza akiwa nyuma ya wenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa Pwani walimwendea Aga Khan kuomba msaada katika jambo la elimu. Jibu lililopatikana lilikuwa jepesi kulieleza, ingawa kulitenda kulihitaji subira: shule ya awali iwekwe katika majengo yale yale ya madrasa, ifundishe mambo ya dini pamoja na mambo ya shule, na iwe mali ya watu wa mtaa wenyewe. Miongoni mwa watu walioianza kazi hiyo alikuwamo Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, aliyezunguka mitaani na vijijini kuzungumza na wazazi. Kituo cha kuwafunza walimu kiliundwa Mombasa mwaka 1986. Mpango huo ulifika Unguja mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Shule zilizoanzishwa katika sehemu hizo tatu zilizidi 200.

Shule ya namna hiyo haianzi kwa kujengewa watu jengo. Huanza kwa mkutano. Wanakijiji huulizwa kama wanaitaka, na wakikubali hutiliana mkataba na kituo cha mafunzo. Wao hutoa chumba, maji na choo, huchagua kamati ya shule ambayo lazima akina mama wawemo, na hutafuta wasichana au wanawake wa hapo hapo watakaokuwa walimu. Kituo nacho huwafunza walimu hao, huifunza kamati namna ya kuweka hesabu, na hutuma mkufunzi wa kuitembelea shule mara kwa mara mpaka iweze kusimama. Siyo kazi ya wiki moja. Lakini mwalimu anayetoka katika kijiji kile kile ana faida ambayo mgeni hawezi kuwa nayo: anamjua mtoto, anaijua nyumba yake, na mtoto akikosa siku mbili humwendea mama yake kumwuliza sababu.

Sasa na itazamwe siku moja ya shule hiyo, maana humo ndimo ilimo kazi yenyewe. Watoto hufika asubuhi mapema. Mwalimu husimama mlangoni, humpokea kila mmoja kwa salamu na kwa jina lake. Salamu hiyo si adabu tu. Ndiyo ukaguzi wa kwanza wa siku. Papo hapo mwalimu huona ni nani mwenye homa, nani mwenye kidonda, na nani amekuja akiwa mnyonge kuliko jana. Mtoto mgonjwa hurudishwa kwa mzazi wake kabla hajawaambukiza wenziwe.

Baada ya kukaa kwa duara, kuomba dua na kuimba, watoto huenda katika pembe za chumba. Pembe moja ni ya nyumbani: kuna vifuu vya nazi, vyungu vidogo, kawa na kipande cha leso cha kumbebea mtoto wa bandia. Nyingine ni ya kujengea, yenye vipande vya mbao vilivyookotwa kwa seremala. Nyingine ni ya vitabu na picha, na nyingine ni duka, ambamo vizibo vya chupa ndizo fedha na mbegu za mbuyu ndiyo bidhaa. Vifaa hivyo havinunuliwi. Hukusanywa na wazazi na kuoshwa. Kila mtoto kwanza husema atakwenda pembe gani na atafanya nini. Kisha hufanya. Mwishoni huja mbele ya wenzake kueleza alilolifanya.

Mtu mzima akipita dirishani huweza kudhani kwamba watoto wanacheza tu na mwalimu anapoteza wakati. Sivyo hata kidogo. Mtoto anayepanga vifuu kutoka kidogo hadi kikubwa anajifunza hesabu kabla ya kuijua tarakimu. Anayeuza mbegu tano kwa vizibo vitano anajifunza kuhesabu vitu halisi, wala si kukariri maneno. Anayeeleza mbele ya wenzake anajifunza kupanga mawazo yake. Na yule anayengoja zamu yake ya kutumia chungu anajifunza jambo ambalo watu wazima wengine hawajajifunza mpaka leo. Sayansi nayo imethibitisha uzito wa umri huo: mtoto anapofika miaka 6, ubongo wake huwa umekaribia sehemu 9 katika 10 za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kinachoingia katika miaka hiyo huwa ndio msingi wa yatakayofuata.

Kabla ya kula, watoto huoshwa mikono kwa maji yanayomiminwa kutoka kopo. Hawatumbukizi wote mikono yao katika bakuli moja, kwa sababu maji ya bakuli moja husambaza uchafu wa mmoja kwa wote. Halafu hunywa uji, pale ambapo wazazi wameweza kuchangia unga na sukari. Kikombe hicho cha uji kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana, maana mtoto mwenye njaa hafundishiki. Husinzia au hulia. Katika shule zilizo imara, mwalimu pia hukumbusha siku za kliniki, ambako watoto hupimwa uzito na kupewa chanjo na dawa za minyoo.

Liko jambo ambalo askari atalipima kwa makini zaidi, nalo ni nidhamu. Kuruta huja jeshini akiwa mtu mzima; anaielewa amri, na anaelewa kwa nini imetolewa. Mtoto wa miaka 4 hana uwezo huo. Akipigwa kwa kumwaga uji hajifunzi kutomwaga; hujifunza kumwogopa mwalimu na kuficha kosa. Kwa hiyo katika shule hizi mtoto aliyemwaga hupewa kitambaa apanguse, na waliogombana huketishwa pamoja kila mmoja aeleze. Nchini Kenya kanuni zilizoruhusu viboko shuleni zilifutwa mwaka 2001. Hata hivyo nidhamu haikuondoka. Katika chekechea nzuri utaratibu hufuatwa barabara: mambo huja kwa mpango ule ule kila siku, kila kitu kina mahali pake, na watoto wenyewe hurudisha vifaa bila ya kusukumwa. Mtoto hupata utulivu anapojua lijalo.

Usalama nao una kanuni zake. Ua hufungwa. Kisima hufunikwa. Choo huwa na tundu dogo, ili mtoto asiogope wala asitumbukie. Mwalimu huhesabu watoto wanapoingia na huwahesabu tena wanapotoka. Muhimu kuliko yote, mtoto hakabidhiwi mtu ye yote anayejitokeza na kusema ametumwa. Hukabidhiwa yule ambaye mzazi amemtaja. Polisi aliyewahi kumtafuta mtoto aliyepotea anajua thamani ya kanuni hiyo ndogo.

Je, matokeo ya kazi hiyo yameonekana? Utafiti uliofanywa Kenya, Unguja na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha watoto wa shule hizi, watoto wa chekechea nyingine, na watoto waliobaki nyumbani. Watoto waliopitia chekechea ya aina yo yote waliendelea vizuri zaidi katika mambo ya akili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa shule za madrasa walitangulia mbele ya wote. Maana yake si kwamba nyumba haifai. Maana yake ni kwamba mtoto akipata watu wazima waliofunzwa, na wenzake wa kucheza nao kwa mpango, huvuna zaidi.

Lakini haifai kueleza mazuri na kuficha magumu. Tatizo kubwa la shule za namna hii, nchini Kenya na kwingineko, ni mshahara wa mwalimu. Mzazi mkulima au mvuvi hulipa ada apatapo. Bahari ikichafuka au mvua ikikosekana, ada hukoma. Mwalimu hungoja mwezi wa kwanza, hungoja wa pili, na wa tatu hutafuta kazi nyingine. Akiondoka, mafunzo yote aliyopewa huondoka pamoja naye, na watoto huachwa wakimlilia mtu waliyemzoea. Jambo jingine lilitokea mwaka 2003, Kenya ilipofuta ada katika shule za msingi. Hatua hiyo njema ilikuwa na athari ambayo wengi hawakuitazamia: baadhi ya wazazi waliona hakuna haja ya kulipia chekechea wakati darasa la kwanza ni bure, wakawaondoa watoto wao. Hivyo mlango mmoja ulipofunguliwa, mwingine ulilegea.

Njia mbili zimejaribiwa. Ya kwanza ni ya akiba. Kijiji huchangisha kiasi, mpango nao huongeza, fedha zote huwekezwa, na faida yake hutumika kwa mahitaji ya shule bila ya kugusa mtaji. Ya pili ni ya serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, na tangu kaunti hizo zilipoanza kazi mwaka 2013, zimekuwa zikiajiri walimu wa watoto wadogo. Njia ya kwanza hulinda uhuru wa kijiji, lakini faida ya akiba ni ndogo. Njia ya pili ina nguvu zaidi, lakini kijiji huweza kulala, kikaiona shule si yake tena. Busara ni kuziunganisha: serikali ilipe mwalimu, na wazazi wasiache kuitazama shule.

Hapa Tanzania mambo haya si mageni. Vituo vya kulelea watoto mchana vilitungiwa sheria yake mwaka 1981, na Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali. Hata hivyo sheria na sera hazimwoshi mtoto mikono. Katika kambi na katika nyumba za polisi ziko familia nyingi zinazokaa karibu karibu, baba wengi walio zamu, na akina mama wenye uwezo wa kulea lakini wasio na mpango wa pamoja. Jambo jingine ni uhamisho: familia ya askari huhama, na mtoto humwacha shangazi na bibi, wale ambao katika kijiji cha asili wangemtazama. Kwake yeye chekechea iliyo ndani ya ua huziba pengo la ukoo. Chumba kimoja chenye hewa, choo cha watoto, maji safi, kamati yenye hesabu za wazi, na walimu wawili waliofunzwa na kulipwa kwa wakati: hayo ndiyo yanayotakiwa kwanza. Vifuu na vizibo havijapata kuadimika.

Wazee walisema, udongo uwahi uli maji. Mfinyanzi aliyechelewa hana la kufanya ila kuvunja. Askari aliye lindoni hulinda nchi ambayo watoto hawa ndio watakaoirithi, na atailinda kwa moyo uliotulia zaidi akijua kwamba asubuhi, mlangoni pa chekechea, yuko mtu atakayempokea mwanawe kwa jina lake.