Istilahi za Tela: Ni Uzito Upi Unaotajwa?

Neno "uzito" ni miongoni mwa maneno ambayo msemaji wa Kiswahili huyatumia kila siku bila ya kujiuliza. Lakini mfasiri anapoletewa maelezo ya kiwanda kuhusu tela, hutambua mara moja kwamba neno hilo moja limebebeshwa maana nne zinazotofautiana. Madhumuni ya makala haya ni kuzitenganisha maana hizo na kupendekeza jina la kila moja, kwa kutumia mfano wa tela dogo la kusafirishia pikipiki za magurudumu manne. Anayekosea jina hapa hukosea mzigo, na anayekosea mzigo huhatarisha roho za watu barabarani.

Yafaa tuanze na majina ya vyombo vyenyewe. "Tela" na "trela" yote mawili husikika. Wako wanaolikataa la pili kwa hoja kwamba mfuatano wa sauti "tr" si wa Kiswahili; hoja hiyo ni dhaifu, maadamu tumekwisha kuzipokea "treni" na "trekta". Tunapendelea "tela" kwa sababu nyepesi zaidi: ndilo neno la madereva na wakulima, nao ndio wenye chombo.

Ama chombo kinachobebwa, lugha nyingine hukiita kwa jina lenye maana ya chombo kipitacho kila aina ya ardhi. Tafsiri ya neno kwa neno, "gari la ardhi zote", haifai, kwani hata Land Rover yaweza kuitwa hivyo. Chombo hiki hupandwa kwa kutanua miguu na huongozwa kwa usukani wa pikipiki. Kwa hiyo ni pikipiki. Kweli, Honda ilipoanza kukiuza Marekani mwaka 1970 kilikuwa na magurudumu matatu. Lakini mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya nchi hiyo kuacha kuuza vipya vya namna hiyo kwa sababu ya ajali, na leo manne ndiyo kawaida. "Pikipiki ya magurudumu manne" ni jina refu, lakini halimpotezi mtu.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Katika biashara ya uchukuzi nchini Tanzania, mtu asemapo "lori la tani saba" hutaja mzigo ambao lori hilo hubeba. Bamba la tela lililotengenezwa Ulaya halisemi hivyo. Likiandikwa kilo 750, hutaja tela pamoja na kila kilichomo ndani yake. Mfasiri akiandika "mzigo: kilo 750", amefasiri kwa mazoea ya mtaani, na amempotosha mnunuzi. Kwa sababu hiyo tunapendekeza majina manne.

Kwanza, "uzito wa tela tupu": uzito wa tela kabla ya kupakiwa kitu chochote.

Pili, "upeo wa shehena": uzito mkubwa kabisa wa vitu vinavyoruhusiwa kupakiwa.

Tatu, "kikomo cha uzito wote": jumla ya hizo mbili, ambayo haipaswi kuzidishwa.

Nne, "uzito wa kiungoni": sehemu ya uzito ambayo tela hulielemea gari mahali linapoungwa nalo.

Wanafizikia watatukumbusha kwamba kinachopimwa kwa kilo ni tungamo. Wana haki katika darasa lao. Lakini kwenye bamba la tela, "uzito" ndilo neno ambalo dereva atalielewa.

Natuchukue mfano. Tela lina kikomo cha uzito wote cha kilo 750, na likiwa tupu lina kilo 230. Upeo wa shehena basi ni kilo 520. Pikipiki moja yenye kilo 300 itabebwa bila taabu, na kilo 220 zitabaki kwa mabamba ya kupandishia, mikanda ya kufungia na dumu la mafuta. Pikipiki mbili za namna hiyo zina kilo 600, na kikomo kimekwisha kuzidishwa kwa kilo 80, hata kama zote mbili zimeenea vizuri sakafuni. Ndiyo maana kuchagua tela kwa kutazama urefu na upana wake tu hakutoshi. Tena huko Uingereza na katika Umoja wa Ulaya, tela ambalo kikomo chake kinazidi kilo 750 hulazimika kuwa na breki zake lenyewe. Aliyesoma "mzigo: kilo 750" akapakia kiasi hicho, huenda anavuta kilo 980 kwa tela lisilo na breki.

Uzito wa kiungoni nao una hatari zake. Ukipungua mno, tela huyumba huku na huku gari likienda kasi. Ukizidi, nyuma ya gari hulemewa na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Marekani hushauriwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Hurekebishwa kwa kusogeza mzigo mbele au nyuma.

Mwisho ni kiungo chenyewe. Gari huwa na tufe la chuma, na tela huwa na kikombe kinacholifunika tufe hilo. Matufe ya Marekani hupimwa kwa inchi, na miongoni mwake mna ya inchi 1⅞ na ya inchi 2. Kikombe cha inchi 2 kikiwekwa juu ya tufe dogo huonekana kimekaa sawasawa, kumbe chaweza kuchomoka safarini. Mfasiri anayeandika "sentimita 5" kwa yote mawili, kwa kupenda tarakimu kamili, amefuta tofauti iliyokuwa ikilinda maisha.

Msomaji ataona kwamba hapa hatukuhitaji kubuni neno hata moja geni. Uzito, upeo, kikomo, shehena, tufe na kikombe vyote tunavyo. Kilichohitajika ni kila jina kushika maana moja na kukaa hapo. Wafasiri, mafundi na madereva wanaombwa kutuletea maoni yao, hususan pale ambapo gereji zina neno lililo bora kuliko haya.