Majani ya Miti ni Chakula cha Kondoo, Si Dawa ya Minyoo



Ukipita Kilungu wakati wa mvua utaona kondoo amefungwa kando ya tuta la fanya juu, na mbele yake tita la majani ya miti. Na wale waliohamia katika mpango wa makao wa Makueni tangu miaka ya 1940 walikuta huko chini miti ya mgunga, ambayo maganda yake yenye mbegu huwafaa sana wanyama wakati wa kiangazi. Desturi hii ni njema. Lakini wako watu wanaosema, "Kondoo wangu anakula mwarobaini na kiluma, basi hahitaji dawa ya minyoo." Neno hili limeua kondoo wengi, na yafaa tulichunguze.

Kwanza ujue tumbo la kondoo. Lina vyumba vinne. Katika kile cha kwanza, kilicho kikubwa kupita vyote, wamo vijidudu wadogo wasioonekana kwa macho, nao ndio wanaochachusha majani na kuyageuza kuwa chakula. Vijidudu hao wakilishwa vizuri, kondoo hukua. Adui mkubwa yumo katika chumba cha nne. Huyo ni mnyoo anayenyonya damu. Jike mmoja aweza kutaga mayai elfu tano au zaidi kwa siku. Mayai hutoka na mavi, na wakati wa mvua na joto, kwa muda wa kama juma moja, watoto wa minyoo huwa tayari majanini, wakingojea kuliwa.

Je, miti ya dawa yaweza kumwua mnyoo huyu? Wataalamu wa Kenya hawakudharau maarifa ya wazee, bali waliyapima. Waliwapa kondoo wenye mnyoo huyu mimea inayosifiwa, kama vile mwarobaini, mnanasi, na mti ambao Wamaasai huuita ol-mukutan. Matokeo yaliandikwa mwaka wa 2003 na 2004. Hakuna hata mmoja uliopunguza minyoo kwa kiasi cha kumtosha mfugaji.

Basi, majani hayana faida? La, faida iko. Majani ya kaliandra na ya lusina, na maganda ya mgunga, yana chakula cha kujenga mwili ambacho majani makavu ya kiangazi hayana. Tena kondoo aliyeshiba vizuri huwa na nguvu ya kustahimili minyoo kuliko aliyekonda. Lakini mengi ya majani hayo yana ule ukali unaokaza ulimi, uitwao tanini. Ukiwa kidogo, haudhuru, na hata waweza kusaidia. Ukizidi, kondoo hukataa kula na chakula hakisagiki vema. Kwa hiyo majani ya miti yasipite theluthi moja ya chakula cha siku. Sehemu nyingine iwe nyasi.

Sasa fanya hivi:

1. Kila baada ya majuma mawili, na kila juma wakati wa mvua, vuta ukope wa chini wa jicho la kondoo utazame ndani. Ukiwa mwekundu, damu iko. Ukiwa mweupe, au ukiona uvimbe laini chini ya taya, mpe dawa ya minyoo siku hiyo hiyo. Usingoje kuhara, maana mnyoo huyu mara nyingi haharishi.

2. Pima uzito kabla ya kutoa dawa. Dawa pungufu haiui minyoo yote, na ile inayobaki huzaa minyoo sugu. Mwulize afisa wa mifugo ni dawa gani inayofaa.

3. Ukiwa na kondoo wa Dorper, mwangalie zaidi. Katika majaribio yaliyofanywa Diani, Pwani, toka 1991 hadi 1996, kondoo wekundu wa Kimaasai waliistahimili minyoo kuliko Dorper.

4. Ukisifiwa mti fulani, ujaribu mwenyewe. Chukua wana-kondoo sita wa umri mmoja, uwagawe watatu watatu kwa uzito ulio sawa. Wote wakae zizi moja, malisho na maji yawe mamoja, na mwenye ukope mweupe apewe dawa bila kujali yuko kundi gani. Watatu tu wapewe mti huo. Wapime siku ya kwanza na siku ya sitini. Kama huna mizani, pima kifua kwa kamba nyuma ya miguu ya mbele, utie fundo. Hapo kamba itakuambia kweli kuliko sifa za jirani.

Kondoo mmoja aliyekufa ni karo ya mtoto iliyopotea. Wape kondoo wako majani ili wakue, lakini usiache kutazama jicho.