Tengeneza Taa, Kisha Ichome!

Hebu fikiria, wewe na mwenzio mmehangaika jioni kadhaa kutengeneza taa ya karatasi, mikono imejaa gundi, halafu mnaitia moto wenyewe. Utasema wehu, si ndiyo?

Basi huko Brighton, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, hiyo ndiyo raha yenyewe. Tangu miaka ya 1990 wakazi wamekuwa wakikusanyika Desemba 21 kwa sherehe ya Burning the Clocks, yaani kuchoma saa. Ni siku fupi kuliko zote kwao. Jua huzama kabla hata ya saa kumi jioni!

Walioibuni ni wasanii wa Same Sky, taasisi ya sanaa ya jamii mjini hapo. Walitaka mwisho wa mwaka kila mtu, mwenye dini na asiye nayo, apate pa kufurahia bila presha ya manunuzi ya Krismasi. Familia hupinda fito nyembamba, huzifunga na kuzivika karatasi laini. Kisha ngoma hulia, watu wa kujitolea huongoza msafara hadi ufukweni, na taa huteketea huku fataki zikilipuka.

Mwaka 2020 korona iliwanyima hata hilo.

Lakini kwa nini kuchoma kitu kizuri? Kwa sababu ndani ya taa watu hutia matumaini na hofu za mwaka mzima, kisha wanaziachia ziende.

Nanyi je? Desemba hii, kabla hamjagombania bajeti ya zawadi, ulizaneni: lipi la mwaka huu mko tayari liungue?